Brashi ya Samsoni na chupa ya mafuta ya bibi

Jumapili moja baada ya ibada ya pili tulitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa chumba cha watoto, hapa Tabata, tukawasha projekta ya kuazima. Nikavuta kiti karibu na spika, tayari kwa kazi iliyowapa jina kina Lufufu kwenye vibanda vya video: kutafsiri filamu papo hapo huku picha inaenda. Filamu ni ya Kiingereza, na watoto waliokaa kwenye mikeka mbele yangu, wa miaka sita hadi kumi na miwili, Kiingereza chao bado ni cha kwenye daftari. Kwenye shuka likatokea tango. Limevaa kofia ya mtafuta hazina, lina macho makubwa, halina mikono wala miguu, na linasonga kwa kurukaruka. Sijafungua mdomo, mtoto wa mstari wa mbele akauliza kwa nguvu: "Mwalimu, sasa huyu anashikaje vitu?"

Chumba kizima kikacheka. Nimekuwa mwalimu wa Shule ya Jumapili kwa miaka mingi, na kicheko kile ndicho kinachonifanya niandike leo.

Swali lake lina jibu. Phil Vischer na Mike Nawrocki walipotoa katuni ya kwanza ya mfululizo wa VeggieTales huko Marekani mwaka 1993, kompyuta walizozimudu hazikuweza kuchezesha mikono, nguo na nywele bila kuwafilisi. Wakatafuta wahusika wasio na vyote vitatu. Wazo la kwanza la Vischer lilikuwa kipande cha chokoleti. Mkewe akamwonya kwamba akina mama hawatafurahi watoto wakipenda vitamutamu kiasi hicho, ndipo zikaingia mboga: Bob ambaye ni nyanya, na Larry ambaye ni tango. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 2005, tango hilo lisilo na unywele hata mmoja likatumwa kutafuta brashi ya nywele.

Filamu inaitwa Minnesota Cuke and the Search for Samson's Hairbrush. Jina lenyewe ni mwigo wa kuchekesha wa Indiana Jones, mtafuta mambo ya kale ambaye Steven Spielberg alimleta kwenye sinema mwaka 1981: jimbo la Indiana limebadilishwa na la Minnesota, na jina la ukoo, Jones, limegeuka kuwa Cuke, yaani tango. Utani huo ulinishinda kutafsiri, nikaupita. Kisa ni chepesi. Kuna brashi iliyokuwa ya Samsoni, yule shujaa wa Biblia aliyeishiwa nguvu aliponyolewa nywele, na inasemekana atakayeipata atapata nguvu kama zake. Larry anaitafuta, na kuna mpinzani anayeitaka kwa nia mbaya. Jibu la filamu ni lile lile la kitabu cha Waamuzi: nguvu za Samsoni zilitoka kwa Mungu.

Baada ya kipindi wazazi wawili walinifuata. Baba mmoja alisema, kwa upole kabisa, kwamba haoni vizuri mambo matakatifu yakichezewa na matango. Mama mwingine yeye hakuchukia filamu, ila alishauri siku nyingine niwaonyeshe watoto zile dakika za mwisho tu, penye funzo, kwa sababu huko nyuma ni vichekesho na muda ni mdogo. Nawaheshimu wote wawili. Lakini wote wawili wanaamini kitu kimoja ambacho mimi sikiamini, kwamba mzaha uko upande huu na funzo liko upande ule, na kazi ya mwalimu ni kuvitenganisha kama pumba na mchele. Nasema hivi: katika filamu hii mzaha ndio funzo. Ukiutoa, unabaki na sentensi ambayo watoto wangu wameisikia mara mia na haijawahi kuwazuia kusinzia.

Kuna njia ya kulipima hilo, na bahati nzuri walishatupimia wengine. Mwaka 2006 kituo cha televisheni cha NBC huko Marekani kilianza kurusha VeggieTales Jumamosi asubuhi, na kikaagiza sehemu nyingi zinazomtaja Mungu zikatwe, pamoja na yale maneno ya kuagana ambayo kila kipindi humalizia, kwamba Mungu amewaumba watoto kuwa wa pekee na anawapenda. Wakristo walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Mimi kinachonigusa zaidi ni jinsi mkasi ulivyopita. Vipindi viliendelea kuonekana. Nyanya na tango waliendelea kuongea, watoto waliendelea kucheka, na mtoto ambaye hajawahi kuona toleo la kwanza hakujua kama kuna kitu kimetoka. Funzo lililobandikwa mwishoni hukatika kirahisi, kama lebo ya shati.

Sasa jaribu mkasi huo kwenye brashi ya Samsoni. Kata sentensi ya mwisho. Bado watoto wamekaa karibu saa nzima wakimwona mtu anavuka nchi na bahari kwa ajili ya kitu cha kuchania nywele. Bado wamemwona mpinzani anakitolea macho kama dhahabu. Mtoto wa darasa la pili anaona ujinga wake mapema kuliko wahusika, anaanza kucheka, na akicheka ameshafundishwa. Hapo hakuna pa kupitisha mkasi. Kila mtu ana brashi nyumbani.

Na hapa ndipo mwigo wa kuchekesha unapofanya kazi ambayo hubiri haliwezi. Filamu za kutafuta hazina zimejengwa juu ya imani kwamba kitu kina nguvu. Katika ile ya 1981 kitu hicho ni Sanduku la Agano, na Wanazi wanalitaka wakiamini kuwa jeshi litakaloenda nalo vitani halishindwi. Ukimfanya mtafuta hazina kuwa tango, na hazina kuwa brashi, unachekesha imani hiyo kuanzia kwenye mzizi.

Yule baba aliyesema mambo matakatifu yasichezewe, ningependa tukae naye tufungue 1 Samweli sura ya 4. Waisraeli wamepigwa na Wafilisti, wamepoteza watu 4,000. Wanasema: tulilete Sanduku la Agano kutoka Shilo, litatuokoa. Linaletwa, wanapiga kelele za shangwe hadi nchi inavuma, wanaingia vitani, na wanakufa 30,000. Sanduku linatekwa. Walikuwa wameligeuza hirizi. Sura inayofuata Wafilisti nao wanaingia mtego uleule: wanaliweka Sanduku hekaluni kwa Dagoni kama nyara, na asubuhi wanamkuta mungu wao ameanguka kifudifudi. Wanamwinua, wanamrudisha mahali pake. Kesho yake ameanguka tena, kichwa na viganja vimekatika viko kizingitini, kimebaki kiwiliwili. Niliposimulia kisa hiki wiki iliyofuata, yule yule wa mstari wa mbele alisema: "Kama tango!" Sijui mhubiri aliyewahi kulieleza vizuri kuliko hivyo.

Maandiko yamejaa mzaha wa namna hii. Eliya pale Karmeli anawaambia manabii wa Baali waite kwa sauti zaidi, huenda mungu wao ana shughuli, huenda yuko safarini, au amelala anahitaji kuamshwa. Isaya 44 inamchora fundi aliyekata mti: nusu anaotea moto na kuokea mkate, nusu iliyobaki anaisujudia na kuiomba imwokoe. Hezekia naye anaivunjavunja nyoka ya shaba aliyoitengeneza Musa mwenyewe, kwa sababu watu walishaanza kuifukizia uvumba, na inaitwa Nehushtani, jina ambalo watu wengi wa lugha wanalisikia kama kusema kipande cha shaba. Kitu kilichokuwa na kazi njema jangwani kimezeeka kikawa sanamu, na dawa yake ni kukitaja kwa jina lake la kawaida. Brashi ni brashi. Huo si mzaha wa kudharau vitakatifu. Ni mzaha wa kulinda utakatifu usihamie kwenye vyombo.

Na siwaandikii watu wa Marekani. Naandika Dar es Salaam, ambako funzo hili lina uzito ambao waliotengeneza filamu huenda hawakuuwaza.

Katikati ya onyesho umeme ulikatika, kama kawaida yake. Tukafungua madirisha, na ili wasitawanyike nikawauliza: mnadhani akiipata hiyo brashi atakuwa na nguvu kweli? Mikono ikanyooka, wengi wakasema ndiyo. Mvulana mmoja wa miaka kama tisa, mpole, ambaye huwa haongei, akasimama na kusema: "Bibi ana mafuta. Nikiwa na mtihani ananipaka hapa," akagusa paji la uso, "halafu mengine anapaka kwenye peni." Akaeleza chupa ilivyo: ndogo, ya plastiki, kifuniko cha bluu, ina picha ya mtumishi. Inanunuliwa. Ikiisha, bibi anatuma mtu akalete nyingine. Alipomaliza akauliza kwa heshima: "Mwalimu, ile brashi ni kama mafuta ya bibi?"

Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe nilinyamaza kidogo.

Nchi hii inajua swali hilo lina gharama gani. Mwaka 2011 barabara ya kwenda Samunge, Loliondo, ilijaa magari kwa kilomita na kilomita, watu wakifuata kikombe cha dawa ya Babu wa Loliondo, cha shilingi 500, na wapo waliotoka hospitalini wakiwa mahututi kwenda kupanga foleni. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika mkanyagano kwenye mkutano wa maombi, walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Ishirini, na watoto wakiwamo. Waliokufa walikuwa na shida na walikuwa na imani, na siwacheki hata chembe. Nalia nao. Lakini mtu alikuwa amewafundisha kwamba neema imemwagwa pale chini, mahali fulani, na asiyewahi ataikosa.

Nilimjibu mvulana kadiri nilivyoweza. Nilimwambia mafuta yamo kwenye Biblia. Yakobo 5 inasema mgonjwa na awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana, na inasema kule kuomba kwa imani ndiko kutakakomwokoa mgonjwa. Nilimwambia bibi anampenda, na mkono wa bibi kwenye paji la uso wake ni kitu cha kushukuru. Kuhusu peni nilimwambia asome. Sikutaka arudi nyumbani akamdharau bibi yake, kwa sababu mtoto anayejifunza kumcheka mkubwa wake akidhani ndiyo imani, nitakuwa nimempoteza mimi. Hapo ndipo niliposhukuru kwamba filamu ilianza na brashi. Ningeanza na mafuta, ningekuwa nimeingia nyumbani kwa watu bila hodi. Brashi ya mtu wa mbali, aliyeishi zamani, inayotafutwa na tango, ilimpa mtoto nafasi ya kuja na swali lake mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe.

Kulikuwa na binti wa jirani siku hiyo, ambaye huja kucheza na wenzake na jioni huenda madrasa. Yeye ndiye aliyevunja ukimya. Alisema: "Kama Nabii Ibrahim na masanamu." Akasimulia vizuri, kwa mpangilio, jinsi Ibrahim alivyoyavunja masanamu yote akaliacha lile kubwa, na watu walipomuuliza nani amefanya haya akawaambia ni huyu mkubwa wao, muulizeni kama anaweza kusema. Kisa hicho kimo katika Sura ya Al-Anbiyaa. Watoto wangu walicheka kuliko walivyolicheka tango, kwa sababu kilisimuliwa kwa Kiswahili na mwenzao, na hakuna utani uliopotea njiani. Mtaa wetu ndivyo ulivyo, na mwalimu wa dini anayepanga kipindi cha watoto Dar es Salaam akasahau kwamba mlango uko wazi na jirani anaingia, amepanga kipindi cha mji mwingine.

Filamu ina udhaifu, na sitaufunika. Inataka kuwa pia funzo kuhusu watoto wababe wanaoonea wenzao, na hapo ndipo nyuzi zinapoachia. Samsoni si shahidi mzuri kwa kesi hiyo. Mtu aliyeua elfu kwa taya la punda, aliyefunga mienge kwenye mikia ya mbweha 300 na kuchoma mashamba ya watu, huwezi kumleta darasani kama mfano wa kukabili ubabe bila kuruka kurasa nyingi. Filamu inaziruka, inabaki na brashi na nywele. Mtoto wa miaka sita hataona pengo. Wa miaka kumi na miwili, anayejua kusoma Waamuzi mwenyewe, ataliona, na atajiuliza kwa nini tulimficha.

Nilipowauliza watoto nani anawaonea, nilitegemea majina ya wenzao shuleni. Yalikuja machache. Jibu lililosemwa kwa pamoja, kama wameambizana, lilikuwa: konda. Konda anayeziba mlango wa daladala akiona sare ya shule, anayesema wanafunzi wawili tu, anayemshusha mtoto mvuani ili nafasi iende kwa mtu mzima wa nauli kamili, kwa sababu mwanafunzi analipa shilingi 200. Binti mmoja aliigiza: akaweka mkono mlangoni, akakunja uso, akasema "Subiri inayokuja!", na chumba kikalipuka. Mbabe wa filamu ni mtu mmoja mwenye nia mbaya. Mbabe wa Tabata ni mtu mzima mwenye hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni, na abiria wazima waliokaa ndani wananyamaza. Kumwambia mtoto huyo "Mungu atakupa nguvu" bila kumgeukia abiria aliyekaa dirishani ni kumpa brashi nyingine.

Vischer mwenyewe alikuja kuuona udhaifu wa aina hii. Kampuni yake, Big Idea, ilifilisika mwaka 2003 na ikauzwa. Mwaka 2011, akizungumza na jarida la World, alikiri kwamba kwa miaka kumi alikuwa akijaribu kuwafanya watoto waenende Kikristo bila kuwafundisha Ukristo wenyewe. Wakati huo alishaanza kazi nyingine, ya vikaragosi, iliyopita kitabu kwa kitabu katika Biblia nzima, pamoja na pale pasipopendeza. Nampa heshima kwa kulisema hilo hadharani. Sema kweli, watendee wenzako wema, msamehe ndugu yako: ni maneno mema yote, lakini ukiyachomoa kwenye visa vyake yanakuwa maagizo ya ubaoni, na mtoto ana maagizo ya ubaoni ya kutosha Jumatatu hadi Ijumaa.

Basi tunahitaji ya kwetu, na sisemi hivyo kwa kujifariji. Mji huu tayari unatengeneza katuni. Ubongo Kids ilianza kurushwa mwaka 2014 kutoka hapa hapa Dar es Salaam, ikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili na nyimbo ambazo watoto wangu wanaziimba bila kukosea, na imevuka mipaka ya nchi. Akili wa katuni ya Akili and Me, yule binti wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro, watoto wanamjua kama wanavyomjua mtoto wa jirani. Ufundi upo. Kinachokosekana ni watu wa dini wanaoamini kwamba kisa chao kinaweza kuchekesha bila kuvunjika.

Na Samsoni, wa watu wote, ni mtu wetu. Harusini kwake alitega kitendawili. Waamuzi 14: alimuua simba, akakuta nyuki na asali ndani ya mzoga, akawategea vijana 30 kwamba katika huyo alaye kikatoka chakula, na katika huyo mwenye nguvu ukatoka utamu, akawapa siku saba za karamu kukitegua. Ni tukio ambalo mtoto wa Kiswahili analipokea bila kutafsiriwa. Nilijaribu. Nilisema "Kitendawili!", wakaitika "Tega!", nikatega cha Samsoni kama kilivyo. Walihangaika kwa robo saa. Wakataja embe, muwa, mama lishe. Waliposhindwa wakanipa mji, nikauchukua, nikawasimulia. Fikiria kisa hicho kwenye kioo, simba wa kwetu, nyuki wa kwetu, sauti za watoto wa Tabata, na Samsoni mkubwa kama mlango ambaye anashindwa kutunza siri.

Tulimaliza sura ya 16 Jumapili iliyopita, yote, pamoja na macho yanayong'olewa na kinu cha kusagia gerezani Gaza. Nilikuwa na wasiwasi, lakini walikaa kimya kuliko nilivyowahi kuwaona. Nikawaeleza tena kwamba nguvu hazikuwa kwenye nywele, kama zisivyokuwa kwenye brashi. Nywele zilikuwa alama ya nadhiri. Yule mvulana wa mafuta ya bibi alikuwa na Biblia ya kuazima, kidole kiko kwenye mstari wa 22, pale panaposema nywele za kichwa chake zikaanza kukua tena baada ya kunyolewa. Akainua mkono.

"Mwalimu, kama nguvu haziko kwenye nywele, mbona wameandika zimeota tena?"

Nimemwomba anipe mpaka Jumapili.